Mama wa Mama Yako Alitoka Wapi?

Somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima

Natumaini kila mmoja amekaa mahali pa kusikia vizuri na ana penseli iliyochongwa. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi, bila redio, soma polepole. Ukikuta neno gumu, mwulize mwalimu wako.

Mmekwisha kujifunza kuandika jina, kuandika barua, na kuandika hesabu ya magunia ya korosho na ufuta. Leo tutaandika watu. Fungueni ukurasa mpya. Juu kabisa andikeni neno hili: UKOO. U, ko, o. Kisha shukeni mpaka chini ya ukurasa, na hapo kila mtu aandike jina lake. Wewe uko chini kwa sababu umekuja mwisho. Juu ya jina lako, upande wa kulia, andika jina la mama yako. Upande wa kushoto andika jina la baba yako. Juu ya mama andika mama yake na baba yake. Juu ya baba, vivyo hivyo. Sasa nitanyamaza kidogo mpate kuandika.

(Hapa mwalimu awape wanafunzi dakika tano.)

Haya, hesabuni majina. Aliyejaza yote anayo saba: lake mwenyewe, ya wazazi wawili, na ya babu na bibi wanne. Nadhani wengi hamkufika saba. Jina la babu mzaa baba limekuja upesi, maana ndilo jina la tatu katika kadi yako ya mpiga kura na katika daftari la zahanati. Lakini mama wa mama yako je? Wako walioandika "Bibi", wakaacha hapo. "Bibi" si jina. Mama huyo alikuwa na jina lake, aliitwa kwalo kisimani na shambani, na huenda yuko mtu hapa kijijini analijua mpaka leo. Kazi yetu ni kumpata mtu huyo angali hai.

Kabla hatujaendelea, nitawapeni habari za ukoo mmoja mkubwa sana, ukoo wa masultani wa Kilwa. Ninyi nyote mmesikia habari za Kilwa Kisiwani, na wengine mmefika mkaona msikiti mkuu na magofu. Masultani wale waliandikiwa nasaba yao katika kitabu cha Kiarabu, karibu miaka mia tano iliyopita. Nakala yake iko London. Kitabu kinasema kwamba watu walitoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi, wakaja kwa merikebu saba, na mmoja wao, Ali bin Hasan, alifika Kilwa akakinunua kisiwa kwa nguo. Baada ya hapo ni majina ya baba na mwana, baba na mwana, ukurasa baada ya ukurasa.

Lakini iko habari ya pili, na hii ni ya Kiswahili. Wazee wa Kilwa waliihifadhi vichwani, na Mjerumani mmoja, Carl Velten, akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1907. Humo Sultani anaitwa Ali bin Selimani, si Ali bin Hasan. Tena humo mwenyeji wa kisiwa ana jina, anaitwa Mrimba. Sultani alimwoa binti Mrimba. Akakizungushia kisiwa nguo kuwa ndiyo bei, na Mrimba akahamia bara, upande wa Ruvuma. Mtoto wa ndoa ile alipokua, alikwenda kumtazama babu yake mzaa mama, na babu akampa mamlaka yake.

Angalieni jambo hili. Kitabu cha Kiarabu kimeshika sana upande wa baba. Habari ya wazee imemkumbuka babu mzaa mama, na imesema kwamba haki ya nchi ilipitia kwa mwanamke. Hata hivyo, mwanamke mwenyewe hutajwa kama binti wa Mrimba tu, basi. Yeye ndiye mlango ambao ukoo wote ulipitia, na katika habari hizo hana jina la kuitwa.

Sasa sikilizeni mambo ya siku zetu. Katika mwili wa kila mtu mna alama ndogo ndogo alizorithi kwa mama yake na kwa baba yake. Alama hizo huitwa vinasaba. Hazionekani kwa macho, lakini wataalamu wanaweza kuzisoma, hata katika mifupa na meno ya mtu aliyezikwa miaka mia kadhaa iliyopita. Mwaka 2023 wataalamu walitoa habari za watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji sita ya pwani, na katika mji mmoja wa bara nchini Kenya. Miongoni mwa ile sita ya pwani ni Kilwa, Songo Mnara na Lindi yetu hii. Wakakuta kwamba wengi wa watu wale wa pwani walikuwa na damu ya pande mbili. Upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume, na wengi wa wanaume hao walikuwa wa Uajemi. Upande wa Afrika ulitoka hasa kwa wanawake, nao kwa wengi wao ulikuwa zaidi ya nusu. Kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000.

Kwa hiyo wazee wa Kilwa hawakusema uongo walipomtaja Mwajemi, na hawakusema uongo walipomtaja mkwe wake. Mimi naona jambo hili ni kubwa. Kwa miaka mingi watu wasomi walibishana: Waswahili ni wa huko au ni wa hapa? Mifupa imejibu: baba wengi walikuja na bahari, na mama walikuwa wa nchi hii. Kalamu ya zamani ilikuwa mkononi mwa wana wa baba, ndiyo maana ikaandika upande mmoja zaidi.

Turudi Nyangamara. Hapa kwetu jambo hili halipaswi kutushangaza. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, tangu kale wamehesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kisha ikaja dini, ikaja shule, zikaja kadi za serikali, na zote hizo huandika jina la baba. Sisemi kwamba ni vibaya. Lakini tazameni yaliyotokea: ukoo wetu uko kwa mama, na majina yetu yako kwa baba. Mtu akiulizwa ukoo, anataja wa mama. Akiulizwa jina kamili, anataja babu mzaa baba. Vikipita vizazi viwili, yule bibi ambaye ukoo unahesabiwa kwake hayumo katika karatasi yoyote. Kwa hiyo mimi nawaomba mwanze na upande wa kulia wa ukurasa, upande wa mama. Upande wa kushoto hautapotea haraka.

Mtakapowauliza wazee, mtakutana na ugumu wa majina. Babu yako alipozaliwa alipewa jina. Alipotoka jandoni alipata jina jipya, na lile la utotoni likaachwa. Kumwita nalo tena ilikuwa ni kumvunjia heshima. Akibatizwa au akisilimu, alipata jina jingine. Akienda kufanya kazi katika mkonge, karani alimwandika vile alivyosikia. Basi huyo ni mtu mmoja mwenye majina matatu au manne, na wajukuu wawili wanaweza kugombana bure, huyu akisema babu aliitwa hivi na yule akisema aliitwa vile. Andikeni majina yote, moja chini ya jingine, na mbele ya kila jina mwandike ni nani aliyelisema.

Ugumu wa pili ni miaka. Mzee atakwambia, "Mwanangu, mwaka siujui." Usiondoke. Mwulize, "Wakati huo kulikuwa na nini?" Nchi hii ina alama za miaka zilizo wazi kabisa. Vita ya Maji Maji ilianza mwaka 1905, na mwaka huo huo misheni ya Nyangao ilichomwa moto. Toka mwaka 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale huko Tendaguru, na wapagazi waliibeba mpaka bandari ya Lindi. Mifupa hiyo sasa iko Berlin. Oktoba 1917 palikuwa na vita vikali Mahiwa, karibu na Nyangao, kati ya Wajerumani na Waingereza, na askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Mwaka uliofuata ukaleta ugonjwa wa mafua ulioua watu duniani kote. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Na wako wanaokumbuka gari moshi la Nachingwea, lililojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Tufanye hesabu moja. Tuseme mzee anakwambia, "Bibi yangu alikimbizwa mgongoni wakati wa vita vya Mahiwa." Mtoto wa mgongoni ni wa mwaka mmoja au miwili. Basi alizaliwa 1915 au 1916. Kama mama yake alimzaa akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, mama huyo alizaliwa kama mwaka 1895, na wakati wa Maji Maji alikuwa msichana wa miaka kumi. Umeona? Neno moja, "mgongoni", limetupa vizazi viwili. Lakini ule umri wa ishirini tumeukisia sisi, kwa hiyo mbele yake andikeni neno "labda". Neno hilo lina herufi tano na lina faida kubwa. Mwenye kuandika "labda" mahali pake huaminiwa anapoacha kuliandika.

Karatasi nazo ziko, ingawa ni chache. Wakristo watazame madaftari ya ubatizo ya parokia zao. Huko kwa kawaida huandikwa jina la mtoto, la wazazi na la msimamizi wa ubatizo. Waislamu waangalie vitabu vya wazee, maana wengi waliandika siku ya kuzaliwa mtoto katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Fungueni masanduku. Stakabadhi ya kodi, kipande cha kazi ya mkonge, cheti cha jeshi, barua ya zamani: msizichome kwa kuwa zimekuwa njano. Na huko Dar es Salaam iko ofisi ya Nyaraka za Taifa, yenye majalada ya tangu utawala wa Wajerumani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, nao wakaandika walivyoambiwa. Kama wangengoja miaka ishirini zaidi, wangekuta makaburi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo zito, na nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi vijana wa darasa.

Utamwuliza mzee habari za mama wa bibi, naye atanyamaza. Atatazama pembeni. Atasema, "Hayo tuyaache." Mara nyingi sababu yake ni moja. Bibi huyo hakuzaliwa hapa. Aliletwa.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watu. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, ikapita katika nchi za kusini mpaka pwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kuikataza biashara hiyo baharini. Wafanya biashara wakawatembeza watu kwa miguu kuelekea kaskazini, ndipo mwaka 1876 akaikataza misafara ya bara nayo. Lakini kukataza kuuza si kukataza kumiliki. Katika Tanganyika utumwa wenyewe uliondolewa kwa sheria mwaka 1922. Kwa hiyo yuko mzee leo ambaye bibi yake alikuwa mtu mzima siku sheria ile ilipotolewa. Si mambo ya mbali.

Si wote waliofika pwani wakauzwa ng'ambo. Wengine, hasa wanawake, walibaki katika vijiji vya huku bara, wakaolewa. Hapa ndipo desturi yetu ya ukoo wa mama inapofanya kazi kwa namna ya kuhuzunisha. Mwanamke mwenyeji ana kaka zake, na watoto wake wana wajomba. Mume hawezi kuwachukua watoto wale kuwa wake peke yake. Lakini mwanamke aliyenunuliwa hakuwa na kaka wala mama hapa. Watoto wake hawakuwa na mjomba wa kuwasimamia. Wakawa watu wa baba, wakahesabiwa katika ukoo wa baba au wa bwana. Kwa sababu hiyo wako wenye nguvu waliotaka wake wa namna hiyo.

Basi ukichora ukoo wako, ukafika mahali ambapo mama yuko lakini wajomba hawapo, na watoto wanahesabiwa kwa baba kinyume cha desturi, pale simama. Labda bibi huyo alitoka nchi ya mbali tu kwa ndoa. Labda ukoo wake ulikwisha kwa njaa au kwa vita. Na labda aliletwa akiwa amefungwa kamba. Usikimbilie kusema. Lakini usifute jina lake.

Wengine wataniuliza, "Bwana Elimu, kwa nini kuchimbua jambo la aibu?" Mimi nauliza, aibu ni ya nani? Aliyekamatwa njiani akichota maji hana aibu. Yuko Mwafrika mmoja aliyeandika bila kuficha, James Mbotela wa Kenya. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu walioibwa, wakatiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza, wakawekwa Freretown karibu na Mombasa. Mwana akaandika habari zao kwa Kiswahili katika kitabu "Uhuru wa Watumwa", kilichotolewa mwaka 1934. Naona aliwasifu mno Waingereza. Lakini alimtaja baba yake kwa jina mbele ya ulimwengu mzima, na wasomaji wengi walikisoma kitabu hicho shuleni.

Na hapa karibu yako mambo ya Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere alishuka Lindi na watu zaidi ya hamsini waliowekwa huru Unguja, akapanda nao bara, nia yao kwenda Nyasa. Walipofika Masasi wakakaa, kwa maana wengi wao waliona wamekaribia nchi walizoibiwa. Walianza kijiji. Leo wajukuu wao ni watu kama sisi, wana mashamba na wana makaburi ya wazee wao.

Hata hivyo, iko adabu ya kuuliza. Usimwulize mzee habari hizi mbele ya watu, wala msibani, wala siku ya ugomvi wa shamba. Nenda peke yako, asubuhi, uchukue sukari kidogo. Anza na mambo mepesi: alicheza na nani utotoni, bibi yake alipika nini, aliimba kwa lugha gani. Mara nyingi wimbo wa kubembeleza mtoto, ulioimbwa kwa lugha isiyo ya hapa, umesema mengi kuliko maswali. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikwambia jambo akasema lisitoke, lisitoke. Liandike katika karatasi yake peke yake, ulikunje, uliweke. Na jambo la nyumba ya jirani si lako kulieneza. Ninalisema hili kwa nguvu, kwa sababu mtu aliyejua kusoma juzi anaweza kuwatukana wenzake kwa daftari lake jana hiyo hiyo.

Yako na makaburi. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihama kutoka makao yao ya zamani, wakaja kukaa katika vijiji vya pamoja. Mahame yakabaki porini. Mnayajua: ukitembea msituni ukakuta miembe mikubwa iliyokaa kwa mpango, hapo palikuwa na nyumba za watu. Mwombeni mzee mwenye nguvu bado awapeleke. Akionyesha kaburi, mwandike ni la nani, na liko upande gani wa mti upi. Wanaojua mahali hapo ni wachache, na nyasi hazingoji. Jambo hili lina kazi hata katika mashamba. Ukitokea ubishi juu ya nani alifyeka kwanza, au nani alipanda mikorosho ile, maneno yaliyoandikwa kabla ya ugomvi yana uzito kuliko maneno yanayosemwa siku ya baraza. Na vijana wanaotaka kuoana watajua mapema kama bibi zao walikuwa ndugu.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mmoja ajitahidi kufika majina saba. Aliyekwisha kufika, atafute wanane wa juu yao, lakini aanze na mama wa mama wa mama. Mbele ya kila jina aandike mambo matatu: nani amemwambia, mtu huyo alizikwa wapi, na jambo moja alilolifanya. Jambo moja tu, hata likiwa dogo: alifinyanga vyungu, alikataa kuolewa mara ya pili, alibeba mifupa ya Tendaguru mpaka Lindi. Mwenye mzee nyumbani asiyejua kusoma amsomee alichoandika, maana wazee ni wepesi sana kusahihisha kuliko kueleza. Ukimsomea kosa, utasikia, "La, siye huyo, huyo alikuwa dada yake," na hapo umepata jina jipya.

Wiki ijayo, saa hii hii, leteni madaftari darasani. Walimu watachagua kurasa tatu ambazo wenyewe wameruhusu zisomwe, na tutajifunza namna ya kuandika tarehe na neno "labda" mahali panapofaa. Kwaherini.